Mwendo wa Prunelle

Ulikuwa mwaka wa herufi P.
Kila mwaka na herufi yake, na mbwa wa ukoo
atakayezaliwa humo, jina lake huanzia hapo;
ndiyo kanuni ya vitabu vyao.
Mama akataka Pompon. Solange akataka Princesse.
Baba akasema, "Prunelle," yaani mboni ya jicho,
na kwa kuwa yeye ndiye aliyekesha, hakubishiwa.

Alikesha jikoni, Jumet, mwezi wa pili,
sanduku kando ya jiko, magazeti ya wiki nzima chini,
habari za mgomo na za mpira zikinywa maji ya uzazi.
Wa kwanza alitoka mfu. Wa pili, gramu mia na kumi.
Wa tatu hakupumua
mpaka Baba alipomsugua kwa taulo kama anayefuta kioo,
kazi aliyoifanya kiwandani miaka ishirini na sita
hadi ngazi ya chuma ilipomtupa, nyonga ikavunjika.
Akalia: sauti ya bawaba inayodai mafuta.
Mama akaandika daftarini: tisini na nne, jike.

Nisiseme uongo, hayakuwa mapenzi matupu.
Dume wa kupandisha hulipiwa, daktari hulipiwa,
na Jumapili walikuja watu wa mjini na watoto wao,
wakakalia sofa letu, wakachagua.
Mama aliwahoji kuliko mkwe.
Wakishaondoka na kikapu, alipiga deki sakafu
ambayo haikuwa chafu.

Prunelle hatukumuuza.
Ndevu nyekundu, uso wa mzee anayedai deni la zamani,
taya la chini limetangulia kama droo isiyofungika:
mzuri, kwa wanaojua uzuri huo.
Baba alimfundisha kutembea uani,
kati ya kamba ya nguo na kibanda cha makaa,
vipande vya jibini mfukoni,
hatua, buruta,
hatua, buruta.
Tuliona mbwa na bwana wake. Hatukuona zaidi.

Baba alikufa Novemba, soksi moja mguuni,
ya pili mkononi.

Namur, Machi. Ukumbi unanuka poda na soseji.
Wiki mbili Mama amenyofoa manyoya mafu kwa vidole,
unywele kwa unywele, mpaka kucha zikamuuma.
Amevaa koti la harusi ya Solange, namba 412 mkononi.
Jaji, bwana Vandevoorde wa Gent,
akafungua mdomo, akatazama meno, akapima kifua,
akaguna kwa kuridhika.
"Mtembeze."

Na pale, juu ya zulia la kijani, mbele ya halaiki,
Prunelle akatembea kama Baba.

Mama akavuta kamba. Akaongeza mwendo.
Prunelle akamtazama kwa subira,
kama mtu anayemngoja mwenzake mgonjwa,
akaburuta.
Jaji akainama, akakunja goti la nyuma, akalikunjua,
akabonyeza nyonga. Hapana kidonda. Hapana maumivu.
"Bibi, mbwa wako anachechemea,
wala sioni sababu."
Mama alikuwa nayo sababu.
Akaitia mfukoni, pamoja na jibini.

Wa tano kati ya watano.
Garini Solange alifoka: mwezi mmoja tu wa mazoezi,
kamba fupi, mwalimu wa kweli, angenyooka!
Mama aliendesha. Mvua ilikuwa nyepesi,
vifuta kioo vikilia kila vikirudi.
Usiku nikamkuta jikoni na daftari,
amefungua ukurasa wa herufi P,
na mbele ya uzito, rangi, chanjo, meno,
ameongeza mstari kwa kalamu ya risasi:
Mwendo: wa Ghislain.

Tangu hapo Prunelle amezaa mara mbili.
Watoto wake wote wanatembea sawasawa.
Nimemwona Mama uani, akiwapitisha mmoja mmoja
chini ya kamba ya nguo, akiinama, akichungulia miguu,
asiridhike.