Niliyekuwa Bahari

Nyambizi yetu haikugusa maji hata siku moja.
Ilijengwa nchi kavu, Gofu, ndani ya ghala
palipolala marobota ya katani zamani;
ukiburuta kiti sakafuni
mguu wake unaota ndevu.

Ubavu ni plaiwudi na mabati ya mapipa.
Vichwa vya ribiti ni vizibo vya soda
vilivyobandikwa kwa gundi, vikapakwa rangi ya chuma,
elfu mbili mia tatu na kumi na moja.
Nina hakika: nililipwa kwa idadi.
Darubini ni bomba la choo. Jipya, msicheke,
risiti anayo Mhina.

Saumu Kiluvia, mwongozaji, alitaka joto la chini ya bahari.
Akazima feni, akaziba madirisha kwa magunia,
waigizaji wakaloa chapachapa hadi soksi,
kisha akapita na chupa akiwanyunyizia jasho la gliserini,
maana lile la kweli, alisema, halijui kuigiza.

Mwanatumu wa sauti hakuongea na mtu wiki nzima.
Mlio wa kusaka adui ni kijiko juu ya sinia ya shaba,
sinia ikining'inia kwa uzi, nusu yake majini.
Chuma kinacholia kwa uzito wa maji
ni mlango wa ghala, saa tisa usiku,
mlinzi Kaniki akitoka kujisaidia.
Siku moja alishusha kinasa sauti ndani ya tangi tupu, Mabawa,
akakaa juu yake nusu saa, mikono magotini.
Umepata nini? nikamwuliza.
"Kina," akasema, akakunja waya.

Na Singano, kapteni wetu, sauti kama ngurumo,
hajui kuogelea; hata beseni hulikaribia kwa adabu.
Boza la maji tuliweza kulilipia mara moja tu.
Bomba likapasuka pale lilipoagizwa kupasuka,
maji yakampiga kifuani,
na badala ya "Fungeni mlango wa tatu!"
akamwita mama yake, kwa Kibondei.
Saumu hakukatiza. Limo mle, mtalisikia.

Mimi?
Mimi nilikuwa bahari.
Tulikuwa sita, wapagazi wa bandarini,
mitarimbo mikononi,
na nyambizi imekalishwa juu ya matairi ya lori.
"Bahari!" Saumu akiita, tunakandamiza.
"Bahari, taratibu, ni usiku!"
"Bahari, mbona umelala?"
Na Ijumaa moja: "Bahari iko wapi?"
Bahari imekwenda kununua chapati.
Bomu likilipuka tunaruka wote juu ya ubao mmoja.
Bega langu la kushoto halijasahau.
Nilichojifunza: bahari haisukumi,
inaegemea tu, halafu inabadili nia.

Filamu ilioneshwa Chumbageni, ukumbi wa shule,
juu ya shuka mbili zilizoungwa kwa cherehani.
Nilimpeleka mama. "Wewe uko wapi?" akauliza
kila sura mpya ikitokea.
Subiri, nikasema.
Kombora la kwanza likapita kandokando.
Glasi ya chai mezani kwa kapteni ikaanza kuteleza,
polepole, hadi ukingoni
(hapo nilikuwa nimepiga goti, napumua kwa pua)
na ukumbi wote ukainamia kulia,
bibi wa mbele akashika benchi,
mama akashika bega langu, lile lile.
"Uko wapi lakini?"

Majina yakapanda mwishoni: kapteni, mpishi, aliyeazimisha sinia.
La Kaniki lilikosewa herufi.
Bahari haikuandikwa.

Tulirudi kwa miguu, barabara ya kumi na nne, umeme umekatika.
Mlangoni mama akasimama, mkono mmoja ukutani,
ufunguo katika mwingine.
"Ngoja kwanza," akasema,
"bado inayumba."