Damu ya Siku ya Pili

Wanasema damu nzito kuliko maji.
Waje waone mashine yangu ikizunguka dakika kumi:
nyekundu inashuka, inatulia kama tope la Mto Mirongo,
na juu yake hubaki maji, rangi ya mafuta ya sangara.
Kitabu kinayaita utegili.
Mimi nayaita maji, na ndiyo yanayosema.

Mrija mia moja na kumi na saba.
Hauna jina, utafiti hauruhusu jina.
Una namba, tarehe, na mwandiko wa Sista Leokadia
ambaye saba zake zina mkia.

Lakini nakujua, mia moja na kumi na saba.
Ulivuka kutoka Ukerewe na homa
na gunia la dagaa ulilokataa kuliacha getini.
Siku ya pili ulikuwa umeketi kitandani,
ukibishana bei kwa simu na mtu wa Kirumba,
ukimwambia Sista uji huu umepikwa na mwenye deni.
Wodi nzima ikacheka.
Homa ilikuwa imeshuka. Pumzi ilikuwa nzuri.
Daktari Kaswamila akaandika: anaendelea vizuri.

Asubuhi hiyo hiyo Leokadia alivuta mililita tano mkononi mwako.
Nikazungusha, nikagawa, nikalaza kwenye jokofu,
nyuzi themanini chini ya sifuri.

Miezi kumi na minne.
Kemikali zimetoka bandarini, zimechelewa kama kawaida,
na usiku huu, jenereta likikohoa nyuma ya ukuta,
nimekuyeyusha.
Kisahani kina vishimo tisini na sita. Chako ni safu ya nne, cha tatu.
Nadondosha asidi.
Wenzako wanageuka manjano hafifu, maji ya limau.
Wewe unaiva mbele ya macho yangu,
kiini cha yai la kienyeji.

Kumbe ulikuwa unaungua.
Ulipoutania uji, ulikuwa unaungua.
Kitu kidogo kuliko vumbi la unga kilikimbia mwilini mwako
mlango kwa mlango, kikipiga yowe,
lile ambalo kwetu Usukumani ni mwano,
na ukisikia mwano huulizi, unatoka na ulichonacho mkononi.
Sisi tulikuwa tunacheka.

Siku ya tano, Mama Mafuru alisimama dirishani kwangu,
kanga imelowa mvua ya ziwani.
“Damu yake imesemaje?”
Nikamjibu tunavyofundishwa: majibu bado.
Sikumdanganya. Yalikuwa kwenye barafu,
hatua nane nyuma ya mgongo wangu.

Nisiongeze chumvi.
Tisini na mbili naye ameiva vilevile.
Binti wa Igoma; yu hai, anauza vocha pale Mabatini,
juzi kanipunja mia mbili.
Na thelathini na sita, maji ya limau kabisa,
tulimzika Jumapili.

Basi si hukumu.
Mwano hausemi nani atakufa.
Unasema: kimbilieni huku kwanza.

Saa kumi na moja alfajiri, kidole kwenye kioo cha dirisha.
Leokadia, na mrija mpya, bado una joto la mtu.
“Huyu hana haraka,” anasema, “yuko vizuri,
ametuchekesha usiku kucha.”

Naacha kalamu.
Nawasha mashine.