Punguza Kidogo, Mwanangu

Chaula alinipokea kwa kishindo.
Duka lake pale Mwanjelwa lilikuwa likitetemeka:
kioo cha kabati, bilauri, meno yangu ya nyuma.
"Mama, hizi zinang'oa misumari ya bati!"
Nikamwambia, bati langu lina mvua ya kutosha.
Mimi natoka Katumba.

Mtu wa Katumba haendi mjini kununua kelele.
Mvua yetu huanza Novemba, ikasahau kwao,
hata salamu tunaipa mara mbili.

Nikampa flashi. Ndani yake
fidla mbili, viola moja na sello,
muziki alioniletea Asajile mfamasia
aliporudi masomoni Leipzig, themanini na nne,
kwenye kaseti tuliyoisikiliza zamu za usiku
mpaka utepe ukatafunwa, tukauunga kwa plasta ya wodini.

"Kwaya?" Siyo kwaya.
"Ya msiba?" Wala.
"Sasa mbona hauanzi?"
Umeanza. Punguza kidogo, mwanangu.

Jozi ya kwanza, nyeusi, ndefu kama jeneza lililosimamishwa:
sello ikageuka mashine ya kukoboa mahindi.
Ya pili ilikuwa na taa, buluu na nyekundu,
zikikimbizana;
fidla zikalia kama bati likikatwa.
Ya tatu haikuwa na kosa, nayo ndiyo iliyonichosha:
kila sauti imepigwa pasi, imekunjwa,
hakuna aliyehema mle ndani.

Nami kwa kuhema ndiko nilikolia mshahara.
Miaka thelathini na mmoja nimeinamia matumbo
na kipande cha mti, kipana huku, chembamba huku,
sikio langu upande mmoja,
mtu asiyezaliwa upande wa pili.
Wodi ina ndoo, ina kikohozi, ina shangazi anayesali,
ina mvua, na chini ya hayo yote, mbali,
tu-tu-tu, tu-tu-tu,
kifaranga anadonoa uvunguni.
Pale hujifunzi kusikia. Unajifunza kunyamaza.

Na mara sita, nazijua kwa tarehe,
niliusogeza mti, nikausogeza tena,
nikaurudisha pale pale.
Kwa hiyo naujua ukimya uliopumzika
na ukimya uliokwisha.
Spika isiyojua tofauti hiyo
siichukui hata ya bure.

"Na zile, zilizobeba chupa ya chai?"
Chaula akacheka. "Zile? Mjane mmoja wa Isyesye aliziacha.
Hazina besi, mama. Nitakuwa nimekuibia."
Niibie.

Akaiondoa chupa. Duara la maji likabaki juu ya mbao.
Kitambaa cha moja kimeshonwa kwa uzi wa viatu.
Akachuna nyaya kwa meno, akaunga.

Kwanza hapakuwa na kitu.
Kisha mtu akavuta pumzi puani,
kiti kikalia chini yake kidogo,
upinde ukausogelea uzi, bado haujagusa,
nami nikajikuta nimeinama, kiganja kimoja hewani,
kama ninayemwambia mama wa kitanda cha tatu:
tulia, tulia, nimempata.

"Umesikia?"
"Nini?"
"Huyo."

Chaula akaniangalia. Akatoka kibarazani,
akaizima ile kubwa iliyokuwa ikiita wateja,
akarudi, akachuchumaa,
akalaza shavu kwenye kitambaa kilichoshonwa.
Mteja wa chaja akasimama mlangoni, akasubiri.
"Kuna mtu," Chaula akasema.

Bei hatukuelewana haraka; huyo ni Mkinga.
Alinipunguzia elfu kumi na tano, nyaya juu yake,
akaniomba ule muziki kwenye simu.

Sasa ziko sebuleni, juu ya vigoda viwili,
karibu sana, goti kwa goti.
Fundi wa dari nimemwambia aje Juni.
Kabla ya hapo mvua itakula sehemu zote laini,
nami nitazifuata humo humo,
sikio moja mbele,
kama kawaida.