Saa Kumi na Moja, Duluth

Majibu yanatoka saa kumi na moja, Signe kasema,
na mlango wake umefungwa tangu adhuhuri.
Supu ya njegere nimeikoroga hadi imechoka.
Nje, Torvald anazoa theluji
aliyokwisha kuizoa asubuhi.

Tuliapa: hatugongi, hatuulizi.
Nikaulizia soksi chafu tu.
"Mama," akajibu, "najua unachouliza."

Saa kumi na moja na dakika nne.
Koleo limenyamaza.
Ngazi zinalia. Anashuka
na uso nisioweza kuusoma,
mimi niliyeusoma kabla hajajua kusema.

Anachukua bakuli.
"Wanasema nisubiri tena. Hadi Mei."

Namjazia.
Torvald anaingia, viatu vimejaa theluji,
anakanyaga zulia lote,
na leo simgombezi.