Tani Kumi na Nne

Chausiku, jana kwa simu uliniuliza
kutoka Maskati hadi Dar ni mbali kiasi gani.
Nikasema saa tano na kidogo.
Ukacheka. "Kumbe! Kama basi la Muheza tu."
Nikanyamaza, kisha nikausingizia mtandao.

Leo nakujibu sawasawa,
maana hiyo ndiyo kazi yangu, kupima umbali.

Mwenye ramani atakwambia kilomita elfu nne kasoro.
Rubani atakwambia saa tano na dakika ishirini,
upepo ukiwa na adabu.
Mimi mshika bomba nakwambia tani kumi na nne.

Saa saba usiku, lami bado inarudisha jua la mchana.
Glavu zimelowa. Biju anasoma mita,
bomba linatutumka kama mshipa wa shingo,
na Bi Zuwena kwenye redio, kwa Kiswahili
alichoachiwa na bibi yake kama kanga ya sandukuni:
"Mhina, ushajaza?"
Nimejaza, mama.

Kila Jumatano nimejaza, na kila Jumamosi,
miaka minne.
Mafuta ya kunifikisha nyumbani mara mia nne
yamepita katika viganja hivi,
na sijafika hata mara moja.

Ndege inaondoka hapa saa nane usiku,
inatua kwenu saa kumi na mbili na dakika ishirini.
Piga hesabu: utaona saa moja haipo.
Usiitafute, haijaibiwa, ninayo mimi.
Kila siku ninakutangulia kwa saa moja,
naionja kwanza
kama mama yako alivyokuwa akionja uji wako.
Bado ya moto, mwanangu. Subiri kidogo.

Na jambo hili hawakufundishi shuleni:
ndege haijazwi ya safari tu.
Kuna ya kuzungukia angani uwanja ukifungwa,
kuna ya kukimbilia Mombasa,
kuna ya ziada juu ya ziada,
ambayo mtu huomba isiguswe.
Mimi siku ile wakala alinijaza ya kuja tu.
Tena kwa mkopo.

Riba nimeimaliza mwezi wa Shaabani.
Sasa natafuta ya kurudi, riali kwa riali,
lakini ada yako ya shule nayo ina kiu,
na bati la jikoni, na kikohozi cha bibi yako.
Basi mita inapanda, inashuka.

Kabla ya kujaza nakinga kidogo kwenye chupa,
naiinua mbele ya taa
natafuta maji.
Ndiyo sheria: yakionekana maji, hata tone,
ndege haiondoki.

Ndiyo sababu simu yako
siipokei nikiwa kazini.