Kipokezi Yatima

Saa tisa usiku, Tononoka. Umeme umekatika tena,
jenereta linakohoa kama aliyekuwa nyumbani kwetu.
Kwenye kabati la joto, nyuzi thelathini na saba,
seli zimejilaza kisahanini, zimeshiba sukari,
hazina habari ya kufa.

Zimesahau tu.
Seli ya kawaida ina adabu ya mgeni:
siku zake zikiisha hukunja mkeka,
hufungasha vyombo, huaga,
majirani wakayala mabaki yake bila matanga.
Hizi zimekaa. Zimeita na wenzao.

Baba alibeba klinka Mbaraki miaka ishirini na sita.
Jioni alipanguswa kwa leso kabla ya kumpakata mtoto;
vumbi la ndani halikupanguswa na mtu.
Alipoonyeshwa picha ya pafu lake aliuliza,
"Hii nyeupe ndiyo mimi, au hii nyeusi?"

Nilimweleza kazi yangu akiwa amelalia ubavu mmoja,
ule uliomruhusu.
Ndani ya kiini cha seli, nikasema, mna kipokezi,
protini iliyokaa na nyaraka za ukoo
ikingoja kuguswa ndipo isome kwa sauti.
Vipokezi vingi vina homoni zao, kila kufuli na ufunguo wake.
Hiki hatujui kinamngoja nani.
Wataalamu hukiita yatima.

Akacheka, akakohoa, akacheka.
"Yatima hadeki, Shufaa. Kitumeni."

Ndivyo tufanyavyo, baba. Twadondosha dawa,
tone dogo kuliko chozi la sisimizi,
na yatima anainuka, anatoka kiinini,
yeye ambaye jana alikuwa akizisaidia zikue,
anapita ukumbi mzima wa seli hadi jikoni, kwenye mitokondria,
pale bawabu asiyelala amekizuia kifo mlangoni.
Hampigi. Anamshika bega.
Bawabu anageuka, anaonyesha upande aliouficha,
na mkono uliokuwa ukifunga
unafungua.

Kikulacho ki nguoni mwako, nilikaririshwa Majengo.
Hakuna aliyenifundisha kwamba kikuokoacho nacho
huenda kimekaa chumba cha ndani,
hakijatumwa.

Umeme umerudi. Nachungulia hadubini.
Zinanywea, zinatoa vipovu, zinakunja mikeka.
Asubuhi Dakta Mwachofi ataniuliza ni ngapi,
nami nitamwambia: si zote. Na kisahani si mtu.
Hata panya hatujafika, sembuse mchukuzi wa Mbaraki.

Siku za mwizi ni arubaini.
Leo ni arubaini ya baba. Mama alituma ujumbe tangu jioni:
mchele umeshachambuliwa, wasomaji watakuja baada ya alasiri,
nipitie Mwembe Tayari, nisisahau iliki.
Nahesabu tena, seli moja moja, kwa ncha ya kalamu.
Daftarini naandika tarehe, kipimo cha dawa,
idadi ya zilizokufa, idadi ya zilizokataa,
halafu, pembeni, kwa penseli:
iliki.