Mzigo wa Mkononi

Kompyuta ya Bi Raya imetimiza miaka kumi na minne:
kitufe cha N kimeng'oka, feni yakohoa
kama kiyoyozi cha chumbani kwetu Ruwi.

Nachomeka flashi, nabonyeza F12.
Nimechelewa. Tena. Tena.
Halafu Linux inaingia na mzigo wa mkononi,
mega mia tatu tu;
haigusi diski, inaishi kwenye kumbukumbu,
na ukiichomoa haiachi hata unyayo.

Maandishi meupe yanateremka. Folda inafunguka:
HARUSI YA THUWAIBA, WETE. Picha mia na kumi.
Bi Raya anavuta kiti, anavaa miwani,
anawataja waliokwisha kufa kwa majina ya utani.

“Usiichomoe,” ananiambia.
Nasema haya.
Visa yangu imebakisha siku tisa.